Vitabu vinapopingana kuhusu chimbuko la binadamu

Swali: "Nafundisha historia sekondari, Temeke. Kila nikifika mada ya chimbuko la binadamu, kidato cha kwanza wananibana kwa maswali mawili: kama tulitokana na nyani, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu? Na je, binadamu ni mkatili kwa asili au ukatili hufundishwa? Nilikwenda maktaba moja hapa mjini, nikatafuta 'asili ya mwanadamu' kwenye kompyuta, nikaletewa vitabu viwili vya dini na kimoja cha methali. Nilipozunguka mwenyewe kwenye rafu nikapata kitabu cha zamani kinachosema Zinjanthropus ndiye babu yetu, na kwamba aliishi miaka 600,000 iliyopita. Kingine kinasema miaka 1,750,000. Kwenye simu nasoma kwamba si babu yetu kabisa. Nimwamini nani, na nitafuteje bila kupoteza muda? Nina Jumamosi mbili tu kwa mwezi, na si mwanafunzi wa chuo chochote."

Mwalimu, pole na kazi. Hivyo vitabu vyako viwili hakuna kinachodanganya. Vimetofautiana umri tu, na katikati yake kuna jambo lilitokea ambalo cha kwanza hakikuwahi kulijua.

Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alilipata fuvu la Zinjanthropus Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Wakati ule hapakuwa na njia ya kupima umri wa tabaka lile moja kwa moja, hivyo mumewe, Louis Leakey, alikadiria kwa kutazama mpangilio wa miamba na mifupa ya wanyama waliokuwa humo, akasema kama miaka 600,000. Mwaka 1961 yakatoka majibu ya kipimo cha potasiamu na agoni. Majivu ya volkano yana aina moja ya potasiamu ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kasi inayojulikana. Mwamba ukiyeyuka, agoni yote hutoroka. Ukipoa, huanza kujikusanya upya. Pima agoni iliyomo na potasiamu iliyobaki, na utajua volkano ililipuka lini. Jibu lilikuwa takribani miaka 1,750,000. Kitabu cha 1960 kikasema moja, cha 1963 kikasema jingine, na vyote viwili vimekaa kwenye rafu moja, majalada yamefifia sawasawa.

La babu au si babu nalo lina tarehe yake. Mwanzoni Leakey aliamini kwamba Zinjanthropus ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokutwa karibu naye. Mwaka 1964 yeye, Phillip Tobias na John Napier wakamtangaza Homo habilis, aliyepatikana kwenye bonde lilelile, mwenye ubongo mkubwa zaidi. Zana akapewa huyo, na Zinj akasogezwa pembeni. Tangu hapo wataalamu wengi humhesabu kuwa binamu, yaani tawi lililoishi sambamba na wazee wetu kisha likakatika bila kuacha kizazi. Jina nalo likabadilika: vitabu vya siku hizi humwita Paranthropus boisei, na vichache Australopithecus boisei. Ukitafuta "Zinjanthropus" peke yake utaletewa zaidi maandishi ya kale, na hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mwaka 2023 ilichapishwa taarifa ya Nyayanga, Kenya, ambako meno ya Paranthropus yalikutwa pamoja na zana za mawe za zamani kuliko zile za Olduvai. Haithibitishi kwamba ni yeye aliyezichonga, lakini lile wazo la Leakey la 1959 ambalo lilizikwa mapema limeanza tena kusikika. Hata jina la utani alilopewa Zinj, mpasua karanga, limeyumba. Meno yake makubwa yalifanya watu waamini alikuwa akivunja vitu vigumu, lakini vipimo vya kemia ya enameli (tabaka gumu la nje la jino) vilivyochapishwa 2011 vilionyesha kwamba chakula chake kikuu kilikuwa nyasi au mimea jamii ya ndago.

Kwa hiyo kabla hujasoma ukurasa wa kwanza, fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu utafute mwaka. Na uwe macho: chapa si toleo. Kitabu kilichoandikwa 1965 kinaweza kuchapwa tena 1990 bila kuguswa hata mstari, na mwaka utakaoonekana haraka ni 1990. Toleo la pili au la tatu ndilo ambalo mwandishi amelipitia upya. Ukikosa uhakika, kimbilia mwisho wa kitabu, tazama orodha ya marejeo, na utafute mwaka wa karibuni kabisa uliotajwa. Huo ndio umri halisi wa maarifa yaliyomo.

Sasa tuje kwenye kompyuta iliyokuletea methali. Katalogi haisomi mawazo, na mara nyingi haisomi hata kilichomo ndani ya kitabu. Inasoma jina la kitabu, mwandishi, na vichwa vya mada ambavyo mkutubi amevichagua kutoka kwenye orodha maalumu. Kwa kuwa karibu vitabu vyote vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, vichwa vyake navyo ni vya Kiingereza. Maneno yako ya Kiswahili yaliwapata waandishi waliotumia Kiswahili kwenye jina la kitabu, na hao walikuwa wanazungumzia dini na hekima. Mashine ilifanya ulichoiomba.

Andika "human evolution". Kisha jaribu "fossil hominids" na "physical anthropology", maana vitabu vya zamani vimewekwa chini ya hivyo. Waandishi wa miaka ya nyuma walisema "hominid", wa leo husema "hominin". Katalogi nyingi hukubali uandike homin* yenye kinyota, zikakuletea yote mawili. Google Scholar, tovuti ya kutafutia makala za kitaalamu, haina habari na kinyota hicho, kwa hiyo kule andika maneno yote mawili ukiyatenganisha kwa OR ya herufi kubwa. Ukipata kitabu kimoja kizuri, acha kubuni maneno. Fungua rekodi yake, tazama vichwa vya mada kilivyopewa, kisha bofya hivyo hivyo. Njia hii hushinda ubunifu wowote.

Tatizo la pili ni kwamba umeuliza maswali mawili yasiyokaa rafu moja. Maktaba haipangi vitabu kwa kufuata maswali ya watu. Hupanga kwa taaluma. Kwenye mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba na ambao ndio utakaoukuta Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) vya zamadamu, yaani watu wa kale na jamaa zao, viko 569.9. Mageuko ya mwili wa binadamu yako 599.93, na mageuko ya viumbe kwa jumla 576.8. Sokwe na jamaa zake wako 599.88. Ukigeukia tabia, saikolojia ya mageuko iko 155.7, migogoro na ukatili katika jamii 303.6, mchango wa maumbile katika jamii 304.5, na falsafa kuhusu binadamu ni nini iko 128. Mjadala wa dini na mageuko uko ndani ya 200. Kwa maneno mengine, swali la kidato cha kwanza linakutembeza jengo zima.

Kuna mtego mmoja hapo. Mwaka 1996 lilitoka toleo la 21 la Dewey, na upande wa biolojia ulipangwa upya kabisa. Kabla ya hapo mageuko ya binadamu yalikuwa 573 na mageuko kwa jumla 575. Maktaba ikipata namba mpya haina watu wala fedha za kubandika upya maelfu ya vitabu, kwa hiyo vya zamani mara nyingi hubaki na namba za zamani. Pita rafu zote mbili: 599.93 na 573. Na utakapokuwa hapo kwenye 573, jirani yake wa kushoto ni 572, ambayo zamani ilikuwa namba ya "mbari za watu". Humo unaweza kukuta vitabu vya enzi za ukoloni vinavyopima mafuvu na kuwapanga watu kwa madaraja, tena kwa lugha ya kitaalamu iliyojaa takwimu. Usimpe mwanafunzi kitabu cha namna hiyo bila maelezo. Ni ushahidi wa jinsi watu walivyofikiri wakati ule, na sayansi yake imeshaporomoka.

Vyuo vikuu vingi hutumia mfumo mwingine, wa Library of Congress, unaoanza na herufi. Huko tafuta GN281 hadi GN282 kwa mageuko na visukuku vya binadamu, na BF698.95 kwa saikolojia ya mageuko. Ukizijua namba hizo unaweza kwenda rafuni moja kwa moja hata umeme ukikatika.

Kitabu kikishakupa msingi, nenda kwenye makala za majarida, kwa sababu kitabu kipya kabisa tayari kimechelewa mwaka mmoja au miwili. Ningekushauri uanze na moja inayotuhusu: makala ya Fidelis Masao na wenzake, 2016, kwenye jarida la eLife, ambalo halitozi msomaji hata senti. Inaeleza nyayo mpya zilizopatikana Laetoli wakati wa kuchimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya ujenzi wa makumbusho uliokuwa umependekezwa. Zilikuwa kama mita 150 kutoka pale timu ya Mary Leakey ilipopata zile za kwanza miaka ya 1970, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na urefu wa kama sentimita 165, mrefu kuliko wenzake wote wa Laetoli. Wanafunzi wako wanaweza kupima nyayo zao kwenye mchanga wa uwanja wa shule na kulinganisha na vipimo vilivyomo.

Usiisome makala kama hiyo kutoka juu hadi chini. Soma muhtasari, kisha aya ya mwisho ya utangulizi, ambapo watafiti hutaja walichokusudia. Tazama picha na majedwali. Ruka hadi mjadala. Sehemu ya mbinu iache mwishoni, ila usiiache kabisa: ndimo utakapojua kama hoja nzima inasimama juu ya mifupa kumi au jino moja. Halafu fanya jambo ambalo wasomaji wengi hawalifanyi: ingiza jina la makala kwenye Google Scholar na ubofye orodha ya walioinukuu baadaye. Marejeo ya mwisho wa makala hukurudisha nyuma. Orodha hiyo hukupeleka mbele, kwa wale waliokubali na wale waliopinga. Kitabu chako cha 1960 kingepitishwa kwenye chujio hilo, ungejua habari ya agoni ndani ya dakika tano.

Neno moja kuhusu programu za akili bandia kwenye simu, maana najua zitatumika. Zinaeleza vizuri lakini huweza kubuni marejeo: jina la mtafiti wa kweli, jarida la kweli, makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kila rejeo utakalopewa litafute kwenye katalogi au kwenye tovuti ya jarida. Lisipoonekana, lifute.

Kwa swali la nyani, jibu fupi ni kwamba hakuna mtaalamu anayesema tulitokana na nyani wa leo. Miongoni mwa jamaa zetu wa karibu zaidi walio hai ni sokwe, na hata yeye hakutuzaa. Sisi na sokwe tulikuwa na mababu wa pamoja walioishi takribani miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tangu hapo kila upande umeendelea na njia yake. Kumngoja sokwe ageuke mtu ni kama kumngoja binamu yako azae baba yako. Wala mageuko si ngazi ambayo kila mnyama anaipanda akielekea kuwa sisi. Kinachotokea ni kwamba ndani ya kundi watoto hutofautiana kidogo, baadhi ya tofauti zinarithiwa, na wale ambao tofauti zao zinafaa mahali pale huacha watoto wengi zaidi. Sokwe wa Gombe anafaa msitu wake vizuri sana. Hana sababu ya kuwa mtu wa Temeke.

Swali la ukatili ni gumu zaidi, na hapa ningekuomba uwe mwangalifu kuliko unavyokuwa kwenye visukuku. Mfupa unaweza kupimwa umri. Tabia haiachi mfupa. Tunaikisia kupitia njia za pembeni, na kila njia ina kasoro yake.

Njia ya kwanza ni mifupa yenye majeraha. Raymond Dart, mtafiti aliyemtambulisha mwaka 1925 mtoto wa Taung (fuvu la mtoto wa zamadamu kutoka Afrika Kusini), baadaye alitazama lundo la mifupa ya Makapansgat, Afrika Kusini, akahitimisha kwamba wazee wetu walikuwa wauaji waliotumia mifupa kama silaha. Wazo hilo lilipendwa sana na magazeti na waandishi wa vitabu, na bado utalikuta kwenye rafu. Kisha mtafiti C. K. Brain akafanya kazi ya kuchosha: akachunguza jinsi chui na fisi wanavyovunja mifupa na kuilundika mapangoni, akailinganisha na mifupa ya kale. Fuvu moja la mtoto kutoka Swartkrans, pango la Afrika Kusini, lilikuwa na matundu mawili ambayo umbali wake ulilingana na meno ya chonge ya chui. Waliodhaniwa kuwa wawindaji walikuwa wanawindwa. Mtoto wa Taung mwenyewe, watafiti wengi sasa wanaona aliuawa na ndege mkubwa jamii ya tai.

Njia ya pili ni sokwe. Gombe, kati ya 1974 na 1978, kundi moja la sokwe lilivamia na kuwaua madume wa kundi lililojitenga, na tukio hilo hutajwa kila mtu anapotaka kusema vita viko damuni. Lakini bonobo, ndugu wa sokwe wanaoishi Kongo, ambao kiukoo wako karibu nasi sawasawa na sokwe, wana maisha yenye mauaji machache mno kwa yale yaliyorekodiwa. Kitabu kinachomtaja mmoja na kumnyamazia mwingine kina ajenda. Kiweke pembeni au kisome ukijua hivyo.

Njia ya tatu ni kuwatazama watu wanaoishi kwa uwindaji na kukusanya, na hapa nchini hiyo humaanisha Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Utafiti juu yao umetupa mambo ya maana. Kwa mfano Kristen Hawkes na wenzake walionyesha jinsi kazi ya mabibi ya kuchimba mizizi inavyowasaidia wajukuu kula vizuri, wakajenga juu yake hoja kuhusu kwa nini wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Ila Wahadzabe si visukuku. Ni Watanzania wa leo, wenye historia ndefu sawa na ya Mzaramo au Mchaga, waliofanya biashara na kugombania ardhi na majirani zao. Mwandishi anayewaita watu wa zama za mawe amekwisha kuonyesha udhaifu wake.

Njia ya nne ni majaribio ya saikolojia. Makala ya Joseph Henrich na wenzake ya mwaka 2010 ilikumbusha kwamba takribani asilimia 96 ya washiriki wa tafiti zilizochapishwa kwenye majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Ukisoma "binadamu hupenda hivi", uliza ni binadamu gani waliohojiwa, na wapi.

Kwa ushahidi uliopo, mimi ningewaambia wanafunzi hivi: binadamu amerithi uwezo wa kuua na uwezo wa kushirikiana na asiyemjua, na upi utajitokeza hutegemea sana mazingira, malezi na taratibu za jamii. Anayedai moja tu kati ya hayo ndiyo asili yetu amechagua ushahidi. Kama mwanafunzi atauliza habari za Mwenyezi Mungu, mwambie ukweli kwamba swali hilo lina rafu yake na wasomi wake, na wako waumini wengi wasioona mgongano. Usilijibu kwa kutumia fuvu.

Kuhusu Jumamosi zako mbili. Ya kwanza nenda Maktaba Kuu ukiwa na kitambulisho na namba za rafu umeziandika. Piga simu kabla ujue saa za kufunga siku hiyo na ada ya msomaji. Usiende kwenye kompyuta kwanza. Nenda dawati la marejeo umwambie mkutubi swali lako kama ulivyoniandikia mimi, lote. Wasomaji wengi huuliza kwa kifupi, "vitabu vya sayansi viko wapi?", wakaonyeshwa vyumba vitatu. Ya pili, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako kuna ukumbi wa chimbuko la binadamu. Taasisi hiyo ndiyo inayolitunza fuvu la Zinj. Shuka Posta. Ukipanda daladala iliyoandikwa Makumbusho utapelekwa upande wa Kijitonyama, kwenye Kijiji cha Makumbusho, ambako utaona nyumba nzuri za asili na hutaona fuvu lolote. Uliza kama unalolitazama ni lenyewe au nakala. Kisha tazama ule ukingo wa mfupa unaopita utosini kutoka mbele kwenda nyuma: misuli ya kutafuna ilijishika hapo. Linganisha meno ya nyuma na ya mbele. Ya nyuma ni kama mawe ya kusagia, ya mbele madogo hata yanachekesha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nenda ukiwa na hitaji maalumu, siyo kuzurura. Wana mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye machapisho ambayo ni vigumu kuyapata kwingine, na maktaba za vyuo kwa kawaida humtaka msomaji wa nje awe na barua ya utambulisho. Mwombe mkuu wa shule aiandike, na itaje mada na majarida unayoyataka, kwa sababu barua inayosema "asaidiwe" tu hukurudisha getini. Faida nyingine ya chuo ni majarida ya kulipia yanayofunguka kwenye kompyuta zilizomo ndani ya maktaba. Beba flashi.

Kuna mahali ambapo maktaba haitoshi. Ukikuta watafiti wawili wanaotumia mifupa ileile wakifika mahitimisho yanayopingana, na umesoma pande zote bila kuelewa wanachobishania, usiendelee kuhangaika peke yako. Waandikie watu wa akiolojia pale chuoni swali moja, fupi, ukitaja makala na ukurasa. Na kama mwanafunzi atakuletea jiwe lililochongwa au mfupa uliogeuka jiwe kutoka kijijini kwao, usimtume akachimbe mwingine. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kitu kilichong'olewa kwenye tabaka lake hupoteza karibu kila kinachoweza kukipa umri. Pigeni picha pakiwa na rula pembeni, mwandike mahali kilipookotwa, kisha mtoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale.